Mipini Iliyosimama Kanyaruchinya

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani, huwa nawajibu kwamba nilijenga chumba ambacho hata gavana huingia peke yake. Wanacheka, kisha wanasogea pembeni kidogo, kana kwamba mikono yangu bado inanuka. Nilichimba vyoo. Nilivichimba Goma, juu ya mawe, mpaka mgongo ukakataa. Sasa nina miaka arobaini na kitu na ninainuka kitini kama muzee wa sabini, na ninyi vijana mnaoanza kazi hii, na kofia zenu mpya na glavu zenu, mnataka niwaambie ninachojua.

Shule yangu iliishia sekondari. Nitawaambia niliyoyaona, na nitayasema jinsi yanavyonijia, maana sijawahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nimelala Walikale, Uvira, Bunia, na kwingine ambako hata jina la kijiji sikuuliza. Kila mara nilirudi Goma. Sijui mji mwingine ambao ardhi yake ni changa kuliko mimi.

Nilifika mara ya kwanza mwaka ule mlima ulipopasuka na moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Watu walianza kujenga juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa linatoa joto chini ya kandambili. Kila nyumba mpya ilihitaji choo, na jembe la kawaida lilikuwa linaruka juu ya lava kama mpira. Ndipo nikampata muzee Kasereka, Mnande kutoka Butembo, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Alikuwa na baramini tatu, zile fimbo nzito za chuma zilizochongoka, na nyundo moja kubwa aliyoiita “bibi”, kwa sababu, alisema, ndiye mke pekee aliyekuwa hajamkimbia.

Siku ya kwanza nilipiga jiwe kwa nguvu zangu zote. Muzee alikaa akanitazama, akila ndizi.

“Umemaliza kupigana?” aliniuliza. “Sasa gonga kidogo, usikie.”

Aligonga hapa, akagonga pale. Kwingine jiwe lilijibu kwa mlio mkavu, kwingine kwa mlio mzito kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Pale penye mlio mzito kuna uwazi chini, na hapo ndipo unapoanzia. Pasipokuwa na uwazi, washa moto wa kuni juu ya jiwe hadi lipate joto sana, kisha limwagie maji baridi na ukae mbali. Litapasuka lenyewe. Shikeni hilo, lakini shikeni na hili: uwazi si rafiki yako daima.

Kule Mabanga tulimchimbia muuza viatu mmoja, papa Déo. Tulipofika usawa wa kiuno, baramini ilizama na kutoweka. Tulisikia ikishuka, ikigonga ukuta wa jiwe, halafu kimya. Tulikuwa tumetoboa njia ambayo lava ilipitia zamani na kuiacha tupu. Papa Déo alifurahi kama mtu aliyepata dhahabu. Alitembea avenyu nzima akijisifu, “Mimi choo yangu haitajaa hata siku moja! Watoto ya watoto yangu bataitumia!” Muzee alimwambia tuzibe, tuanze upya. Alikataa. Msimu wa mvua ulipofika, jirani yake wa chini, mama Fatu aliyekuwa akikaanga maandazi, alikuja na mwiko mkononi.

“Papa Déo, jikoni kwangu kuna kitu iko napumua.”

“Ni mulima, mama. Mulima inapumuaka.”

“Mulima haikulaka maharage!”

Tulirudi, tukaziba, tukachimba upya, na mama Fatu alisimamia kazi yote akiwa na mwiko uleule. Basi, ukipata shimo la bure, uliza kwanza linaishia kwa nani.

Jambo jingine alilonifundisha muzee halikuhusu jiwe. Ukifika kwenye kiwanja, mwenye nyumba atakuonyesha mahali pa choo kwa kidole, haraka, kama mtu anayetupa takataka. Mwitikie vizuri, kisha nenda kawaulize wanawake. Wao ndio wanaojua mtoto anaogopa kupita wapi gizani, mlango wa nani utaonekana, upepo wa ziwa utasukuma harufu kwenye sufuria ya nani. Vyoo vingi vya kampeni za misaada nilivyoviona vimegeuzwa ghala la makaa vilikuwa vimewekwa mahali pazuri sana kwa macho ya mtu mwenye gari.

Muzee ndiye aliyenipeleka Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji, na kisa cha huko ndicho ninachotaka mkishike kuliko mambo ya baramini.

Ilikuwa mwaka waasi waliporudi karibu na mji, na barabara ya Rutshuru ikajaa magodoro vichwani. Kanyaruchinya watu walifunga mahema yao ya bashe, yale maturubai ya plastiki, juu ya lava tupu, wakalala juu ya mawe yaliyokata hata mkeka. Maji yalikuwa machache, vyoo vilikuwa karibu na hakuna, na kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walilazwa katika hema jeupe karibu na barabara, na kila asubuhi mama mmoja au mwingine alikuwa akitoka humo na nguo za mtu mikononi, bila mtu.

Pembeni ya kambi kulikuwa na bloki, yaani sehemu, moja ndogo ya watu wa kilima kimoja cha Masisi wanaosema Kinyarwanda. Walikuwa Wakristo, wakulima, baadhi yao wafugaji waliobaki na fimbo bila ng'ombe. Walikuwa wachache katika kambi ile, na lugha yao ilikuwa pia lugha ya waasi wengi. Kwenye foleni ya maji walisikia maneno. “Ninyi mulikimbia nani? Ndugu yenu?” Walizoea kutojibu.

Katika bloki hiyo aliishi mama Vestine, mjane, mrefu, mwenye kilemba cha rangi ya majani. Alikuwa na mwana mmoja, Innocent, na mke wa Innocent, na mjukuu mdogo aitwaye Divine, ambaye wakati huo alikuwa kwenye lile hema jeupe na sindano ya maji mkononi. Muzee nami tulipokwenda kutafuta mahali pa choo cha bloki, tuliuliza wanawake kama kawaida, na mama Vestine ndiye aliyetuonyesha.

“Hapa,” alisema. “Mbali na maji, na tutapita bila kuvuka njia ya bale bengine. Lakini mungoje wiki yetu iishe. Ni kesho inaanza, inaisha siku ya Yenga.” Yenga, kwetu, ni Jumapili.

“Wiki ya nini, mama?” muzee aliuliza.

Mama Vestine aliingia hemani, akatoka na mpini wa jembe, mti mtupu, mweusi kwa jasho la zamani, akausimamisha kando ya mlango. Tulipogeuka tukaona milango mingine nayo ina mipini, mingine tayari imesimama, mingine wanawake ndio wanaitoa. Kisha alituambia.

Katika vita vya zamani, wenye silaha walikuja kilimani kwao, wakaita wanaume wote watoke na majembe kutengeneza barabara. Kazi ya umma, walisema, salongo, mchana mmoja tu. Wanaume walitoka. Hawakurudi. Wanawake walipothubutu kwenda barabarani, hawakukuta miili. Ilikuwa imefukiwa mahali ambapo mpaka leo hakuna aliyewaonyesha. Walikuta mipini tu, imetupwa kando ya njia. Waliowaua walichukua vyuma, kwa sababu chuma kinauzwa. Wanawake waliketi pale, wakashika mti mmoja mmoja, na kila mmoja akamtambua wake kwa viganja, mahali palipolika kwa mkono wa mumewe. Ndicho walichonacho badala ya kaburi. Wamekimbia nayo kila vita iliyofuata. Na kila mwaka, wiki ile, mipini inasimama milangoni, hakuna jembe linalogusa ardhi, na hakuna mwanamume wao anayeitika mwito wa kazi ya umma. Siku ya mwisho wanataja majina.

“Tunayataja polepole, na sauti ya chini,” alisema. “Hapa kambini batu bako nasema tunalilia baasi.”

Sitawatajia wenye silaha wale walikuwa nani. Katika milima ile kila kabila lina wiki yake ya kulia, na kila kundi lina barabara liliyoiharibu.

Muzee alimwitikia kwa kichwa. Katika ofisi ya kampeni ya vyoo iliyotuajiri, aliomba bloki ile iwekwe ya mwisho kwa sababu ina msiba, na msimamizi wa kampeni, madame Clarisse, akakubali bila maneno. Alikuwa mwanamke mwenye haraka na moyo mzuri, aliyekuwa amelala saa chache tangu kipindupindu kianze. Tukadhani jambo limekwisha.

Kampeni ilikuwa kubwa. Kulikuwa na fulana, ngoma, gari lenye vipaza sauti, na kila familia iliombwa itoe mwanamume mmoja mwenye jembe. Mgeni rasmi kutoka mjini angepiga jembe la kwanza mbele ya kamera, na ndipo vifaa vingine vingetolewa. Majembe mapya yalifika kwa lori, vyuma vitupu vyenye mafuta, bila mipini. Kila ofisi ilisema kosa ni la ofisi nyingine. Miti ya karibu na kambi ilikuwa imekwisha kuwa makaa. Kwa hiyo vijana wa kujitolea walitumwa wapite katika mahema yote, watafute chochote kirefu kilichonyooka.

Walifika katika bloki ya mama Vestine wakati watu wa bloki walikuwa kwenye sala, wote, katika hema la mwisho. Wakaona mipini imesimama milangoni, mizuri, mikavu, bila chuma. Walikuwa vijana wenye adabu. Walimuuliza jirani aliyekuwa akishona bashe yake ng'ambo ya njia, papa Bauma, Mhunde, yeye pia mtu wa Masisi.

“Mukamate tu,” papa Bauma aliwaambia. “Bale habafanyake salongo wiki hii. Miti inasimama bure.”

Wakaichukua yote.

Asubuhi iliyofuata muzee nami tulifika na baramini zetu kwenye uwanja wa uzinduzi. Ngoma zilikuwa zinapigwa. Wanaume wa bloki nyingine walikuwa wamepanga foleni, na majembe yalikuwa yanagawiwa. Pembeni, vijana walikuwa wamefanya kazi yao vizuri: kila mpini ulichongwa kichwa kwa panga ili uingie kwenye tundu la chuma kipya. Vipande vya mbao vilikuwa chini ya birika la chai ya wageni, vinawaka bila moshi, kama kuni kavu zinavyowaka.

Mama Vestine alikuja akitembea haraka, kilemba kimelegea, na nyuma yake wanawake wa bloki. Innocent alikuwa nao, mikono mitupu. Foleni iliwaona.

“Hao bamekuja! Jembe iko wapi, bwana? Ama unangoja mugeni akuchimbie?”

“Leo tena beko na siku yao!”

“Kipindupindu haina siku yake, inakamata tu!”

Innocent alitazama chini. Mama Vestine hakumtazama mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanamume wa kwanza kwenye foleni, akaweka kiganja kwenye mpini wa jembe lake, akakishusha polepole hadi katikati. Akaacha. Akaenda kwa wa pili.

“We mama, uko natafuta nini kwa jembe yangu?”

“Niache nishike tu, papa.”

Muzee Kasereka aliweka baramini chini. Uso wake ulibadilika, na mimi pia nikaelewa. Alimfuata madame Clarisse akamsemesha kwa sauti yake ndogo, maneno machache. Madame aligeuka akatazama majembe, akatazama birika. Alikwenda mwenyewe kwenye gari akazima vipaza sauti. Ngoma ziliendelea kidogo, kisha nazo zikakoma, moja moja.

“Batu bangu,” madame Clarisse aliita, bila kipaza, “tulichukua mipini ambayo si yetu. Ni ya marehemu. Munisaidie, kila mutu asimame pale eko, bamama bapite.”

Kulikuwa na manung'uniko. Mtu mmoja alitupa jembe lake chini, akasema amechoka na mambo ya watu wale. Lakini wengi walisimama. Wanawake walipita katikati ya foleni wakishika miti, na mama Vestine aliwatangulia, kwa sababu siku ile ya barabarani yeye ndiye aliyewasaidia wengine walioshindwa kutambua. “Hii ya Gaspard. Janvière, njoo. Hii ya shemeji… hapana. Hii.” Kila alipopata mmoja, mwanamume aliyekuwa ameshika alitazama mkono wake mwenyewe, kama mtu aliyeambiwa ameshika kitu cha moto.

Wa mume wake hakuuona.

Magari mawili yalikuwa yameingia wakati huo, na mgeni rasmi alikuwa ameshuka, akiwa na viatu vyeupe vya michezo kwa ajili ya mawe. Hakujua lolote. Msaidizi mmoja, kwa kutii ratiba, alimkabidhi jembe lililofungwa utepe. Walikuwa wamemchagulia lile lenye mpini laini kuliko yote, ili asiumie viganja.

Mama Vestine alisimama mbele yake. Askari aliyekuja na mgeni alisogea, na mgeni akamzuia kwa mkono.

“Mama, kuna nini?”

“Papa shefu, iko mikononi mwako.”

Alitazama jembe. “Hii? Hii ni ya kampeni, mama.”

“Chuma ndio ya kampeni. Muti ni ya bwana yangu.”

Bashe zilikuwa zinapigwa na upepo. Mpiga picha aliinua kamera, kisha akaishusha. Mgeni alipitisha kidole gumba juu ya mti, akafika pale palipolika, na kidole kikakaa humo. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa sauti ya chini, “Aliitwa nani?”

“Jina yake tunaitajaka siku ya Yenga, pale kwetu. Leo unipe muti tu.”

“Basi nitakuja siku hiyo.”

“Ukuje kwa miguu,” mama Vestine alisema.

Mgeni akamnyooshea jembe. Mama hakulipokea.

“Toa chuma kwanza.”

Mgeni aligeuka huku na huku. Muzee Kasereka ndiye aliyepiga magoti, akaokota jiwe, akagonga chuma kidogo kidogo hadi kikalegea na kushuka. Sijamwona akigonga kitu kwa upole vile. Alifungua utepe, akampa mama mti mtupu kwa mikono miwili.

Mama Vestine aliugeuza. Kichwa cha mpini kilikuwa cheupe, kimechongwa, kama mti wa jana. Alikigusa.

“Vipande biko wapi?”

Vijana waliokuwa wamechonga walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja wao alianza kulia. Madame Clarisse angeweza kusema hajui. Alisogea hadi mbele ya mama, karibu sana.

“Vilichomwa, mama. Tulipikia chai. Ni sisi.”

Mama Vestine aliketi juu ya lava. Alikaa hapo muda mrefu, na watu wote wale, mgeni, askari, wapiga ngoma, wakakaa naye wakiwa wamesimama. Kisha akaweka mkono juu ya ule weupe, akaushusha taratibu kwenye mti, akipapasa, hadi vidole vikaingia mahali pao.

“Pale alishikaka,” alisema, “bado iko.”

Akainuka, akaenda, na wanawake wakamfuata.

Hakukuwa na jembe la kwanza siku ile. Mgeni alisema maneno mafupi na kuondoka, na sisi tulichimba kwa baramini katika bloki nyingine hadi jioni, kwa sababu kipindupindu kilikuwa palepale. Mzee mmoja alifariki mchana huo katika hema jeupe, mtu wa bloki iliyokuwa imepiga kelele kuliko zote. Niliona wanawake wa mama Vestine wakienda kumwosha. Hakuna aliyewaita.

Kulikuwa bado na mpini mmoja uliokosekana. Papa Bauma alikuwa kwenye foleni asubuhi ile. Alikuwa amegawiwa jembe lenye mti wa marehemu, na wanawake walipopita hakusubiri, aliondoka nalo. Sikujua hilo mpaka siku ya Yenga.

Divine alirudi Jumamosi mgongoni kwa mama yake, amekonda, macho makubwa. Siku ya Yenga muzee nami tulikwenda kwenye bloki yao, kwa miguu, kama mama alivyosema. Mipini ilikuwa imesimama milangoni, vichwa vyake vyeupe vinaonekana kwa mbali. Mgeni rasmi hakuja. Madame Clarisse alikuja na wale vijana, wakaketi nyuma kabisa. Watu wa bloki nyingine walianza kusogea pia, mmoja mmoja, wakabaki ng'ambo ya njia. Wengine walikuja kwa udadisi, bila shaka. Lakini walivua kofia.

Papa Bauma alivuka njia akiwa na mpini mtupu. Alikuwa amekitoa chuma mwenyewe. Mama Janvière, mjane wa Gaspard, aliupokea, kwa kuwa huo ulikuwa wa kaka yake mwenyewe, aliyeuawa siku ileile na Gaspard, na papa Bauma akasema neno moja la Kinyarwanda, lile linaloambiwa wafiwa:

“Mwihangane.”

Alilisema vibaya. Kila mtu alilisikia. Halafu akabaki amesimama, hajui aende wapi.

“Juu ya sababu gani uliondoka nayo?” mama Vestine alimuuliza.

“Haya ilinishika,” alisema. “Ndio mimi niliwaambia vijana bachukue. Nilisema miti inasimama bure.” Alimgeukia mama Vestine. “Mama, mimi pia niko na ndugu. Bamumaliza kule Masisi, na sisi hatukupata hata muti.”

Mnajua huko kwetu maneno kama hayo yanaweza kwenda wapi. Mtu angeuliza, nani aliyemmaliza? Mwingine angejibu. Nilimwona Innocent akiinua kichwa, na ng'ambo ya njia watu wakaacha kunong'ona. Mama Vestine alisogeza miguu yake pembeni kwenye mkeka.

“Ikala,” alimwambia, akagonga mkeka kando yake. “Tukifika mwisho, utaitaja jina ya ndugu yako.”

Waliyataja majina. Hawakuyataja polepole, waliyataja kwa sauti. Upepo uliyachukua hadi kwenye barabara. Walipomaliza, papa Bauma alitaja la ndugu yake, na wanawake wa kilima kile wakaitika kwa amina ileile waliyoitikia majina ya waume zao.

Nimefanya kazi na kampeni nyingi tangu siku hizo, za vyoo, za chanjo, za kunawa mikono. Zote zilikuja na kitu cha haki mkononi. Ninyi pia mtakuja na kitu cha haki, na mtakuwa na haraka, na watu kweli watakuwa wanakufa. Mkikuta kitu kimesimama mlangoni kwa mtu, ngojeni mwenye mlango arudi.

Jumatatu asubuhi tulianza choo cha bloki ile. Nilidhani tungechimba peke yetu. Innocent alikuja wa kwanza, na nyuma yake wanaume wote wa bloki, na papa Bauma pamoja nao. Walikuwa wamebeba vyuma vya kampeni, na madame Clarisse alikuwa ametuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi mbali kuleta miti mibichi ya mikaratusi. Mpini wa Innocent ulikuwa bado na maganda, unateleza kwa utomvu. Hakupiga mawe muda mrefu, viganja vikapasuka.

Mama Vestine alileta maji. Alimshika mwanawe mkono, akaufungua, akatazama malengelenge. Akamwagia maji kidogo.

“Mupini mupya unaumaka,” alisema. “Ya baba yako pia ilikuwaka na maganda.”

Akamrudishia jembe.